Mguu Mmoja Ukivimba: Mishipa ya Miguu kwa Mama Mjamzito na Mama wa Arobaini

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, ila ongeza sauti ya redio kidogo. Na kama nyumbani mwako kuna binti au mke wa mwanao aliyejifungua hivi karibuni, mwite asikilize pamoja nawe, maana mazungumzo ya leo yanawahusu nyote wawili.

Leo tunazungumzia mishipa ya damu ya miguuni. Swali hili huulizwa karibu kila siku ya kliniki. Mama anakaa, anainua dera lake kidogo, ananiambia, "Sista, hebu ona mishipa hii ya kijani. Ni ugonjwa gani?" Mwingine anasema miguu inamwaka jioni kana kwamba amebeba mawe. Na mwingine, huyu ndiye ninayemwogopea zaidi, hasemi chochote. Amefunikwa shuka ndani ya nyumba, yuko kwenye arobaini, na mguu wake mmoja umevimba.

Nitaeleza mambo mawili. La kwanza ni mishipa ya juu ya ngozi iliyojaa na kujipinda, ambayo kwa kawaida husumbua lakini haiui. La pili ni damu kuganda katika mshipa wa ndani wa mguu, ambayo inaweza kuua. Nataka ukizima redio uwe unajua kutofautisha haya mawili.

Damu hupandaje kutoka mguuni?

Moyo husukuma damu hadi kwenye vidole vya miguu. Kushuka ni rahisi, kazi iko katika kupanda. Wale mnaojua visima virefu vya Waborana, kule Marsabit hadi ng'ambo ya mpaka Ethiopia, mmeona vijana wanavyosimama mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo ya maji huku wakiimba. Wa chini humpa wa juu yake, naye humpa wa juu zaidi, mpaka maji yafike kwenye birika la mifugo. Kijana mmoja akichoka na kuiachilia ndoo, maji huwamwagikia walio chini.

Mishipa ya miguu hufanya kazi namna hiyo. Ndani yake kuna vilango vidogo vinavyofunguka kuruhusu damu ipande, kisha vinafunga isirudi chini. Nguvu ya kuisukuma inatoka katika misuli ya shavu la mguu. Kila unapopiga hatua, misuli hiyo hukamua mshipa na damu hupanda. Ukisimama mahali pamoja saa nyingi, au ukilala bila kusogeza miguu, ni kama wale vijana wameacha kupokezana ndoo.

Mishipa iliyojaa

Vilango vikilegea, damu hurudi chini na kukaa. Mshipa unatanuka, unajipinda kama nyoka, na unaonekana chini ya ngozi ukiwa buluu au kijani. Hospitalini huitwa vena varikosi.

Mbona huwapata akina mama wengi zaidi? Wakati wa ujauzito damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Vichocheo vya ujauzito hulegeza kuta za mishipa. Mtoto naye anapokua, tumbo la uzazi hukandamiza mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka miguuni. Kila mimba inaongeza mzigo huo. Ndiyo maana mama wa watoto watano huwa nayo zaidi ya mama wa mtoto mmoja. Pia hurithiwa. Kama mama yako alikuwa nayo, huenda nawe ukaipata.

Kazi nayo ina mchango wake. Fikiria akina mama wanaouza miraa na mboga sokoni Isiolo, wamesimama tangu asubuhi. Fikiria wale wa maziwa ya ngamia, wanaopokea mitungi alfajiri na kuipakia kwenye magari ya kwenda Eastleigh, Nairobi. Miguu yao haipati nafasi ya kupumzika.

Dalili zake ni uzito wa miguu, kuwashwa, kubanwa na misuli usiku, na kuvimba kidogo kwenye vifundo jioni. Kwa kawaida uvimbe huu huwa miguu yote miwili, na asubuhi unakuwa umepungua.

Ufanye nini nyumbani?

Usikae au kusimama namna moja kwa muda mrefu. Ukiwa sokoni, kila baada ya nusu saa tembea kidogo, au inuka kwa vidole na kushuka mara 20. Ukipata nafasi mchana, lala chali kidogo au kwa ubavu na uweke miguu juu ya mto au gunia lililokunjwa, iwe juu kuliko kifua, kwa dakika 15. Mama mwenye mimba kubwa asilale chali muda mrefu. Alale kwa ubavu. Ukilala usiku, inua upande wa miguuni wa godoro kidogo.

Usivae soksi au mpira unaobana chini ya goti tu, maana hufunga njia ya damu. Zipo soksi maalumu za kubana, ambazo hubana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zinavyopanda. Huvaliwa asubuhi kabla hujashuka kitandani. Muulize muuguzi kwanza kama zinakufaa, hasa ukiwa na kisukari au maumivu ya miguu unapotembea.

Wengi wenu mishipa hii itapungua yenyewe katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Kwa hiyo hatufanyi upasuaji wa mishipa wakati wa ujauzito. Ikibaki na kusumbua, matibabu yapo. Daktari wa upasuaji anaweza kudunga dawa inayoufunga mshipa, au kuufunga kwa joto kutoka ndani, au kuutoa. Akina mama huuliza, "Mshipa ukitolewa damu itapita wapi?" Itapita katika mishipa ya ndani, ambayo ndiyo njia kuu. Ule wa juu ni kijia tu.

Mshipa wa juu ukipasuka, damu hutoka kwa wingi na hutisha. Usikimbie huku na kule. Lala chini, inua mguu juu, weka kitambaa safi na ubonyeze kwa nguvu dakika 10 bila kuchungulia. Kisha nenda kituo cha afya.

Sasa sikilizeni kwa makini: damu kuganda ndani ya mguu

Nitawasimulia kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, nilimtembelea mama aliyekuwa amejifungua mtoto wa tatu. Ilikuwa siku ya 12. Alikuwa amelala, maana alikuwa kwenye arobaini, na mama mkwe wake alikuwa akimtunza vizuri sana. Nyama ya mbuzi ilikuwepo, samli na maziwa pia. Mama mkwe akaniambia, "Mguu unamuuma. Ni baridi ya uzazi imemwingia." Nikautazama mguu wa kushoto kwa mwanga wa tochi. Ulikuwa umevimba. Nikasema miguu kuvimba baada ya kuzaa ni kawaida, nikampa dawa ya maumivu, nikaendelea na safari yangu.

Baada ya siku 3 aliletwa hospitalini ndani ya gari la kukodi, akihema kama mtu aliyekimbia, akisema kifua kinamchoma kila anapovuta pumzi. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na kipande cha bonge hilo kilikuwa kimekatika na kupanda hadi mapafuni. Mungu alimsaidia, akapona. Lakini mguu ule haukurudi kama ulivyokuwa. Hadi leo huvimba kila jioni.

Sikuwa nimefanya jambo moja dogo: kumwomba afunue mguu wa pili niilinganishe. Mguu mmoja ulikuwa kama gogo, na mwingine wa kawaida. Ningejua papo hapo.

Kwa nini hasa baada ya kujifungua? Mwili wa mama mjamzito hujiandaa asivuje damu nyingi wakati wa kuzaa, kwa hiyo damu yake huganda upesi kuliko ya mtu mwingine. Hali hii haiishi siku mtoto anapozaliwa. Wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Hesabuni wenyewe: wiki 6 ni siku 42. Ni arobaini yetu yote!

Hatari huongezeka kwa mama aliyepasuliwa kuzaa, aliyevuja damu nyingi, aliyepata maambukizi, aliyepatwa na shinikizo la damu la ujauzito, aliyezaa pacha, mwenye umri wa zaidi ya miaka 35, mnene sana, au ambaye yeye au ndugu yake wa damu aliwahi kugandwa na damu. Pia mama aliyesafiri kwa gari saa nyingi bila kushuka. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni karibu kilomita 500. Gari likisimama Laisamis au Marsabit, shuka utembee, na ukiwa kitini chezesha vifundo vya miguu.

Dalili za kukufanya uende hospitali leo hii

Mguu mmoja umevimba kuliko mwingine. Katika ujauzito, mara nyingi ni wa kushoto. Kuna maumivu kwenye shavu la mguu, pajani au kinenani, hasa ukisimama au kutembea. Mguu una joto. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usingoje kuuona. Weka kiganja cha nyuma ya mkono kwenye mguu mmoja, kisha kwenye mwingine, ulinganishe joto.

Chukua pia uzi. Zungusha kwenye shavu la mguu ulio mzima, mahali palipo panene, ukate hapo uzi unapokutana. Kisha zungusha uzi huohuo kwenye mguu unaouma, umbali uleule kutoka gotini. Ukikosa kukutana kwa upana wa vidole viwili hivi, usisubiri kesho. Lakini uzi ukikutana na maumivu bado yapo, nenda vilevile. Uzi hukusaidia kuamua kwenda. Usiutumie kuamua kubaki nyumbani.

Na mama akianza ghafla kukosa pumzi, kifua kikamchoma, akakohoa damu au kuzirai, hiyo ni dharura. Hata kama mguu haujavimba, hata kama ni saa nane za usiku, tafuteni gari.

Kuna uvimbe mwingine wa kutofautisha. Miguu yote miwili ikivimba pamoja na uso na mikono, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza au tumbo la juu likiuma, hiyo huenda ni shinikizo la damu la ujauzito. Nayo ni ya kukimbizwa hospitali, kabla na hata baada ya kujifungua.

Neno kwa akina nyanya na akina mama wakwe

Mama zangu, sisemi arobaini ni mbaya. Mimi ninaipenda. Mama aliyezaa hapaswi kubeba mtungi wa lita 20 wala kufuata mbuzi juani. Kumlisha, kumwogesha na kumpa usingizi ni dawa ambayo sisi hospitalini hatuna. Ninawaomba mambo manne tu.

Kwanza, apumzike lakini asilale siku nzima bila kusogea. Siku ile ile ya kuzaa, akipata nguvu, mwinueni atembee ndani ya nyumba. Kisha kila siku atembee uani mara kadhaa. Akiwa amelala, ainue na kushusha nyayo mara 20 kila saa akiwa macho. Anaweza kufanya hivyo huku ananyonyesha.

Pili, anywe maji. Joto la Isiolo mnalijua, na anayenyonyesha hupoteza maji mengi. Supu na maziwa ni vizuri, lakini aongeze na maji safi.

Tatu, mguu uliovimba usikandwe. Ninajua mikono yenu ina upendo na samli ni ya kutuliza. Lakini ukikanda mguu wenye bonge la damu, unaweza kulikata kipande kiende mapafuni. Usichomwe kwa moto wala kuchanjwa kwa wembe pia. Moto haufiki kwenye mshipa wa ndani. Unaongeza kidonda na kupoteza siku ambazo zingemwokoa.

Nne, muangalie miguu yote miwili kila jioni. Dera na shuka hufunika mambo mengi. Na wewe mama, ukija kliniki, sema unaumwa miguu na uionyeshe. Ukiona haya mbele ya mwanamume, omba muuguzi wa kike. Kuomba hivyo si kosa.

Hospitalini kutafanyika nini?

Watakuuliza maswali, watapima miguu, na watakupiga skani ya mguu, ile ya mawimbi ya sauti kama ya kutazama mtoto tumboni. Haiumi. Ukiwa Merti, Garbatulla, Kinna au Oldonyiro, anza na kituo kilicho karibu. Wao watakupa rufaa kwenda hospitali ya kaunti mjini Isiolo. Waambie siku uliyojifungua. Neno hilo pekee humfanya mhudumu afikirie damu kuganda.

Matibabu ni dawa za kuzuia damu isiendelee kuganda. Huanza na sindano ya heparini chini ya ngozi. Mama aliyekwisha jifungua anaweza baadaye kupewa vidonge vya warfarini. Dawa hutumiwa kwa angalau miezi 3. Mama, usiache mguu ukipungua tu. Bonge hurudi.

Maswali mawili huja kila mara. "Nitaendelea kunyonyesha?" Ndiyo. Heparini na warfarini hazimdhuru mtoto anayenyonya. "Nikipata mimba nyingine?" Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwambie daktari mapema abadilishe dawa. Ukiwa unatumia warfarini, nenda kupimwa damu kila unapoambiwa, na usinunue dawa ya maumivu dukani bila kusema unatumia nini, kwa sababu baadhi yake zikichanganywa na warfarini husababisha kutokwa na damu. Ukiona fizi zinavuja, mkojo mwekundu au choo cheusi, rudi hospitali mara moja.

Aliyewahi kugandwa na damu asitumie vidonge vya kupanga uzazi vyenye vichocheo viwili. Zipo njia nyingine salama. Mwambie muuguzi historia yako kabla hajakupa chochote. Na katika kila mimba itakayofuata, sema siku ya kwanza ya kliniki, maana unaweza kuhitaji sindano za kinga.

Kidonda kisichopona

Kabla sijamaliza, neno kwa mama mzee mwenye kidonda juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, ambacho kimekaa miezi. Ngozi yake imekuwa nyeusi na ngumu. Mara nyingi hiyo hutokana na mishipa iliyolegea au bonge la zamani ambalo halikutibiwa. Kuweka jivu, samadi au unga wa kapsuli hakutakiponya. Kisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kifunike kwa kitambaa safi, uinue mguu, uende kituo cha afya. Apimwe sukari, na apimwe pia kama damu inashuka vizuri hadi vidoleni. Yote yakiwa sawa, atafungwa bandeji ya kubana. Bandeji hiyo ndiyo dawa yenyewe, kwa kuwa inafanya kazi ambayo vilango vimeshindwa. Asijifunge mwenyewe kabla ya kupimwa.

Jambo moja la gharama. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisha umesajiliwa na mchango wako uko sawa kabla ya mwezi wa kujifungua, ili usihangaike mguu ukiwa tayari umevimba.

Ya kukumbuka

Miguu yote miwili kuwa mizito jioni, na mishipa ya kijani: inua miguu, tembea, muulize muuguzi siku ya kliniki.

Mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa na joto: hospitali leo.

Kukosa pumzi ghafla au kifua kuchoma: hospitali saa hii.

Usikande, usichome, usichanje.

Mama wa arobaini apumzike, lakini atembee kila siku na anywe maji.

Yule mama niliyewasimulia alizaa tena miaka michache baadaye. Safari hii alidungwa sindano za kinga tangu katika ujauzito hadi arobaini ikaisha. Nilipomtembelea sikumkuta amelala. Alikuwa uani, mtoto begani, anazunguka mti polepole, na mama mkwe wake ameketi kwenye kigoda anahesabu mizunguko. Aliponiona tu, kabla ya salamu, yule mama mzee akaniambia, "Nimeiangalia yote miwili leo."

Leo jioni nawe mwangalie wako.